Kujifunza Tenisi kwa Msaada wa Ukuta

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mtu mwenye raketi moja na mpira mmoja, ambaye hana wa kucheza naye. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tudhanivyo. Mchezo wa tenisi wataka kiwanja, na kiwanja ni kitu cha gharama. Wataka pia mwenzi aliye na nafasi saa ile ile uliyo na nafasi wewe, tena awe na subira ya kumvumilia mtu asiyejua bado. Mwanafunzi aliyekosa vitu hivi viwili huona haya, huitundika raketi yake msumarini, na baada ya miezi michache huisahau kabisa. Walakini nyuma ya nyumba yake, au shuleni, au kando ya ghala, upo ukuta. Ukuta hauchoki, haumcheki mtu, wala hausemi kwamba leo una kazi nyingine.

Basi, nitaeleza namna ya kuutumia ukuta huo kama mwalimu wa kwanza. Pamoja na maelezo hayo nitatoa na onyo, kwa sababu ukuta waweza kumtengeneza mtu, na waweza kumharibu vile vile.

Kwanza yafaa tujue kwamba ukuta si mgeni katika mchezo huu. Tenisi tuijuayo leo ilianza Uingereza. Walter Clopton Wingfield alipata hati ya serikali ya kulinda haki yake ya mchezo huo mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakafanyika mwaka 1877. Lakini karne nyingi kabla ya hapo, katika Ufaransa na Uingereza, watu walicheza mchezo wa kale ambao ndio mzazi wa tenisi ya leo. Mchezo huo ulichezwa ndani ya majumba, na kuupiga mpira ukutani kulikuwa ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Tena mabingwa kadha wa kadha walianzia ukutani. Björn Borg wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1956, alipewa raketi na baba yake, ambaye aliipata kama zawadi katika mashindano ya tenisi ya mezani. Mtoto huyo akashinda saa nyingi akiupiga mpira kwenye mlango wa banda la motokaa katika mji wa Södertälje. Baadaye alishinda Wimbledon mara 5 mfululizo, tangu mwaka 1976 hata 1980. Evonne Goolagong, mtoto wa wenyeji wa asili wa Australia, aliyekulia katika mji mdogo wa Barellan, alianza kwa kibao kilichochongwa kutoka katika sanduku la matunda, akiupiga mpira ukutani. Naye alishinda Wimbledon mwaka 1971, na tena mwaka 1980. Althea Gibson, msichana Mwamerika Mweusi wa mtaa wa Harlem mjini New York, alipewa raketi iliyokwisha kutumika, akaanza kuupiga mpira ukutani katika uwanja wa michezo. Siku zile mashindano makubwa ya Marekani hayakuwa yakiwapokea watu weusi; yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia, mwaka 1950, na mwaka 1957 akachukua ubingwa wa Wimbledon. Hata katika Afrika ya Mashariki, enzi ya ukoloni, viwanja vingi vya tenisi vilikuwa mali ya klabu ambazo hazikumkubali kila mtu. Ukuta haumwulizi mtu rangi yake, wala ada yake.

Sasa nije kwenye lile onyo, nami nitalitoa katika mambo yaliyonipata mwenyewe. Nalipokuwa kijana, mtu mmoja aliyekuwa akihama mji alinipa raketi kuukuu. Nikapata ukuta wa ghala uliokuwa imara, na kila jioni kwa muda wa miezi mitatu nalisimama mbele yake, mbali kwa hatua tano tu, nikaupiga mpira kwa nguvu zangu zote. Mpira ulirudi mbio, nami nikaupiga mbio, na watoto waliokuwa wakitazama wakanishangilia. Nikajiona bingwa. Siku moja nikaalikwa kiwanjani. Mpira wa kwanza ulionijia ulikuja taratibu, na kabla haujafika nalikuwa nimekwisha kupiga hewa. Wa pili niliupata, ukaruka juu ukapita ua. Wa tatu uliingia wavuni. Nikaenda kuketi kando, nimejaa haya. Mzee mmoja aliyekuwa akichora mistari ya chokaa akanijia polepole.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umejifunzia wapi?"

"Ukutani, mzee."

"Nimejua. Umesimama karibu nao mno, nao umekufundisha haraka. Urudie ukuta wako, lakini kwanza rudi nyuma."

Maneno hayo machache yalinipa kazi ya mwaka mzima, maana mkono uliokwisha kuzoea kosa hauliachi upesi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo wewe unayeanza leo, yapime maneno ya mzee yule kwa hesabu kabla hujashika raketi.

Urefu wa kiwanja cha tenisi ni futi 78, yaani karibu mita 24, kutoka mstari wa mwisho wa upande huu hata mstari wa mwisho wa upande wa pili. Wachezaji wawili wakisimama penye mistari hiyo, mpira hutoka kwako ukaenda futi 78, kisha huja kwako futi 78 nyingine. Jumla ni futi 156. Sasa jiweke mbele ya ukuta, mbali kwa futi 24. Mpira utakwenda 24 na kurudi 24. Jumla ni futi 48, nayo haifiki theluthi moja ya njia ile ya kiwanjani. Ukisimama kwa futi 12, kama nilivyofanya mimi, njia yote ni futi 24 tu. Ni kweli kwamba mpira hupungua mbio ugusapo ukuta. Kwa sheria za mchezo, mpira ukiangushwa kutoka inchi 100 juu ya sakafu ngumu, yapasa urudi juu kwa kadiri ya inchi 53 hata 58. Maana yake ni kwamba kila unapodunda hupoteza karibu robo ya mbio zake. Lakini robo hiyo haitoshi kuifidia njia iliyofupishwa.

Basi, mtu anayesimama karibu na kupiga kwa nguvu hana nafasi ya kuivuta raketi nyuma, wala ya kugeuza bega, wala ya kupanga miguu. Anachoweza ni kuutupa mkono tu kwa kifundo. Mpira hurudi, naye hudhani amefanya vizuri. Kumbe pigo hilo halifai kitu kiwanjani. Ukuta hurudisha kila kitu, kibaya na kizuri, wala haubagui. Hilo ndilo jambo kuu ambalo nataka mlikumbuke jioni hii.

Dawa yake ni mambo matatu. La kwanza, simama mbali, kwa futi 24 au zaidi, yaani hatua kama kumi za kawaida. La pili, piga polepole, kiasi cha nusu ya nguvu zako. La tatu, uache mpira udunde chini mara mbili kabla hujaupiga tena. Najua kwamba katika mchezo wenyewe mpira ukidunda mara mbili umekwisha kukushinda. Lakini hapa hushindani na mtu, wajipatia nafasi ya kufanya pigo kamili. Wala msidhani kwamba polepole ni jambo la kitoto lisilo na heshima. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa liliamuru kwamba tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira iliyo ya taratibu kuliko ile ya kawaida. Sababu ni ile ile: mwanafunzi apate wakati wa kupiga vema.

Sasa tuuchague ukuta. Ukuta wa saruji, au wa mawe uliopakwa lipu laini, ndio unaofaa. Ukuta wenye mawe yaliyotokeza huupeleka mpira huku na huku, nao huikwangua upesi nguo ya sufi iliyoufunika. Ukuta wa udongo si mzuri. Huua mpira, na mpira huubomoa. Mabati hufanya kelele nyingi, hata majirani wakakuchukia. Angalia pasiwe na dirisha la kioo karibu, na ardhi iwe ngumu na sawa, isiyo na kokoto. Mwombe ruhusa mwenye ukuta, wala usipige saa za watu kulala wala saa za sala. Mpira uliochakaa kidogo ni bora kwa mwanafunzi kuliko mpya, kwa kuwa una mwendo wa taratibu.

Chukua chaki, upime kutoka chini futi 3, uchore mstari mrefu ukutani. Huo ndio urefu wa wavu katikati ya kiwanja. Penye miti yake wavu huinuka hata futi 3 na nusu. Kisha chora mstari wa pili juu ya huo, futi 6 kutoka chini. Mpira wako uguse ukuta katikati ya mistari hiyo miwili. Wanafunzi wengi hujaribu kuupitisha mpira juu kidogo tu ya mstari wa chini, kana kwamba ni aibu kuupitisha juu zaidi; nao ndio ambao kiwanjani hupiga wavu kutwa. Mpira upitao wavu kwa futi mbili una amani.

Ishike raketi kama umpaye mtu mkono wa salamu, uso wa raketi ukiwa umesimama wima. Usiikamate kwa nguvu kama mshika panga. Ukaze mkono wakati wa kugusa mpira tu, kisha ulegeze. Simama umegeuza ubavu kuuelekea ukuta, bega la kushoto mbele ikiwa watumia mkono wa kuume.

Somo la kwanza ni la mpira mmoja mmoja. Ivute raketi nyuma kabla ya kitu chochote kingine. Uangushe mpira mbele yako, kidogo upande wa kuume. Udunde, upande juu, na unapoanza kushuka kufika usawa wa kiuno, upige. Raketi ianzie chini kidogo ya mpira, iupige mpira mbele ya mwili wako, kisha iendelee kupanda mpaka mkono ufike juu ya bega la pili. Kisha usipige tena. Uache mpira urudi, uudake kwa mkono, ujiulize: umegusa ukuta wapi? Fanya hivyo mara 20. Somo hili huwachosha vijana kwa kuwa halina shangwe, lakini ndipo pigo lizaliwapo.

Somo la pili ni kuendeleza. Piga, uache mpira udunde mara mbili, piga tena. Kila mara baada ya kupiga, rudi katika hali ya kungoja: uso kuelekea ukuta, magoti yamekunjwa kidogo, raketi mbele ya kifua. Mara tu uonapo mpira umegusa ukuta, geuza bega na uivute raketi. Usingoje mpaka mpira udunde chini; hapo umekwisha kuchelewa. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ukikosa, anza tena mwanzo. Mpira ukiwa chini sana, kunja magoti wala usiinamishe mgongo peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mchezaji huinama kwa magoti.

Ukifika 20 bila kukosa kwa pigo la upande wa kiganja, na moyo wako umetulia, wende kwenye pigo la upande wa nyuma ya mkono. Hapa bega la kuume ndilo linaloelekea ukuta, na mkono wavuka mbele ya mwili. Wengi wa siku hizi hutumia mikono miwili katika pigo hili, na mwanafunzi mwenye mkono usio na nguvu hupata msaada mkubwa kwa kufanya hivyo. Usilikwepe kwa sababu ni gumu. Mshindani wako wa kwanza kiwanjani atalijua siku ile ile, na kila mpira atauleta huko.

Kisha changanya mapigo yote mawili. Hapa inafaa kuijua sheria moja ya ukuta: mpira urukavyo ukutani ni kama nuru irudivyo katika kioo. Ukiupiga moja kwa moja mbele yako, utarudi moja kwa moja. Ukiupiga kwa kuuelekeza kushoto, hautarudi kwako, bali utaendelea kwenda kushoto. Basi, ukitaka kupiga kwa kiganja kisha kwa nyuma ya mkono, uelekeze mpira kidogo mshazari, nao utakupeleka upande wa pili. Anza kwa mshazari mdogo sana, au utashinda jioni yote ukifukuza mpira vichakani.

Ukuta waweza kukupa habari nyingine pia. Mpira uliopigwa raketi ikishuka, kama mtu akataye majani, huzunguka kinyumenyume, na ugusapo ukuta husukumwa chini, ukaanguka karibu na msingi. Mpira uliopigwa raketi ikipanda huzunguka kwenda mbele, na ugusapo ukuta hupanda. Kwa hiyo ukiona mipira yako yote yafia chini ya ukuta, uitazame njia ya raketi yako kabla hujaulaumu mpira.

Mapigo mawili zaidi nayataja kwa kifupi. La kupiga mpira kabla haujagusa chini hufanywa karibu, futi 8 hivi kutoka ukutani. Hapa hapana kuvuta raketi nyuma; uiweke mbele na uusukume mpira kidogo tu, kwa kuwa kiwanjani pigo hili hufanywa karibu na wavu, na nafasi ni ndogo huko pia. La kuanzisha mchezo hufanywa mbali, futi 39, maana ndio umbali wa kutoka mstari wa mwisho hata wavu. Urushe mpira juu mbele yako, uupige mkono ukiwa umenyoka, uguse ukuta juu ya mstari wa futi 3. Usijaribu kuupokea ukirudi. Uokote, upumue, uanze upya.

Sasa niseme juu ya lile ambalo ukuta hauwezi. Hauoni. Hautakuambia kwamba kiwiko chako kimelegea, wala kwamba umesimama kwa visigino. Kwa hiyo mara moja kwa juma mwombe ndugu au rafiki asimame kando, hata kama hajui tenisi. Umpe jambo moja tu la kutazama, mathalani: "Je, raketi imekwisha kwenda nyuma mpira ulipogusa ukuta?" Atajibu ndiyo au siyo, na jibu hilo latosha. Tena ukuta hauna hila; hukurudishia yale yale uliyoupa. Mtu ana hila, naye hukuletea usiyoyatazamia. Ukiona sasa mapigo yako yamekaa, usibaki ukutani kwa kuogopa watu. Tafuta kiwanja, hata kama ni kwa saa moja kwa mwezi.

Usizidishe muda. Dakika 20 za mtu anayeangalia zashinda saa mbili za mtu anayepiga ovyo. Ukisikia maumivu katika kiwiko au kifundo cha mkono, acha siku ile; maumivu hayo hayaponi kwa kuyapigia mpira.

Namalizia kwa habari ya yule mzee. Baada ya mwaka nalirudi kiwanjani kwake, nikacheza na kijana mmoja wa kadiri yangu. Nalishindwa, lakini mipira mingi ilirudi ng'ambo ya wavu. Nilipotoka nalimwendea mzee kumsalimu, nikamwuliza ameonaje. Akaendelea kuchora mstari wake mpaka mwisho, kisha akasema, "Leo umeungoja mpira."

Kwaherini, wasikilizaji.